Maji Yaliyozoleka

Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Methali hiyo ilitungwa na watu waliojua uzito wa mtungi kichwani, na maana yake haijapungua: jambo lililokwisha kuharibika halirudishwi kwa majuto. Walakini maneno yenyewe yakichukuliwa jinsi yalivyo, pasipo kuchimbua maana iliyofichwa ndani yake, historia ya miaka mia moja na zaidi iliyopita inaonyesha kuwa maji yaliyomwagika yamezoleka. Maji ya kuoshea vyombo, ya kufulia na ya chooni, ambayo miji mingi iliyatupa mtoni au baharini ikayasahau, yalikusanywa, yakasafishwa, yakanyweshwa nyasi ambazo watoto huchezea na wazee hupumzikia.

Katika habari hii mna heri na mna hatari, na yote mawili yapasa kupimwa kwa mizani moja. Shamba la pamba laweza kuzungushiwa ua, mwenye shamba akajua nani aingie na nani asiingie. Bustani ya watu wote haina bawabu wa namna hiyo. Humo mtoto huanguka kifudifudi, huokota mpira uliolowa, kisha hutia vidole kinywani; mama hutandika nguo chini na kupakua chakula; mchezaji huchubuka goti na udongo ukaingia jerahani. Basi anayenywesha bustani kwa maji yaliyotoka chooni huchukua dhamana ya afya ya watu asiowajua, ambao hawakuulizwa, na aghalabu hawana habari. Ni ushahidi gani utoshao kumpa haki ya kufanya hivyo? Swali hilo lilijibiwa kwa namna tatu katika nyakati tatu. Mwanzo shahidi alikuwa pua, akafuata jicho, mwisho ikaja hesabu. Mji wa San Francisco, katika jimbo la California, uliwasikiliza mashahidi wote watatu ndani ya bustani moja, na kwa hiyo ndipo mahali pafaapo kuanzia.

Bustani iitwayo Golden Gate Park ilianzishwa mwaka wa 1870 upande wa magharibi wa mji, mahali palipokuwa vilima vya mchanga vilivyohamahama kwa upepo wa Bahari ya Pasifiki. Ukubwa wake unazidi ekari 1,000. Frederick Law Olmsted, aliyesanifu Central Park ya New York pamoja na Calvert Vaux, alitilia shaka kwamba bustani ya miti na majani kama zile za mashariki ya Marekani ingeweza kustawi katika nchi kame ya namna ile. Mhandisi kijana, William Hammond Hall, akaishika kazi hiyo mwaka wa 1871. Aliufunga mchanga kwa shayiri na kwa mimea mingine yenye mizizi ya kushikamana, na baada ya hapo ikapandwa misonobari na mikaratusi. Mwaka wa 1887 akaja John McLaren, Mskoti aliyejifunza kazi ya bustani katika nchi yake, ambaye alipewa usimamizi akaushika hata alipofariki mwaka wa 1943.

McLaren alikuta miti inaota, lakini aliona pia kwamba kuotesha ni kazi moja na kukimu ni kazi nyingine. Mchanga ni pakacha: ukitiwa maji asubuhi, jioni ni mkavu. Samadi ya farasi iliyofagiliwa barabarani ilimwagwa juu yake cheleko kwa cheleko ili kuufanya ushike unyevu, lakini samadi hainyweshi. Maji ya mji yalikuwa mali ya kampuni ya watu binafsi, Spring Valley, ambayo mji haukuinunua mpaka mwaka wa 1930, na maji ya kununuliwa hayakuwa rahisi. Ndiyo sababu bustani ilijenga vinu viwili vikubwa vya upepo karibu na ufuko, kimoja kikamalizika mwaka wa 1903 na cha pili mwaka wa 1908, vipandishe maji ya chini ya ardhi. Hata hivyo nyasi zilitaka zaidi. Na chini ya barabara za jirani palikuwa na mto usiokauka kiangazi wala masika, usiouzwa na mtu yeyote, nao ulikuwa ukielekea baharini bure: mto wa maji machafu.

Mwaka wa 1912 ndio utajwao mara nyingi katika vitabu vya uhandisi kuwa mwanzo wa kunywesha bustani ile kwa maji ya namna hiyo. Mara ya kwanza yalitumiwa mabichi, jinsi yalivyotoka majumbani. Baadaye yakapitishwa katika tangi la kutulizia, uchafu mzito ukaachwa chini na maji ya juu yakapelekwa kwenye nyasi. Wazo lenyewe halikuwa geni. Katika karne ya 19 malisho ya Craigentinny, karibu na Edinburgh, yalinyweshwa maji machafu ya mji huo, na mashamba ya Gennevilliers, karibu na Paris, yalilishwa kwa mifereji ya mji mkuu wa Ufaransa. Lakini hayo yalikuwa malisho na mashamba. San Francisco ililileta jambo la shamba mahali pa matembezi, na tofauti hiyo ndiyo iliyozaa mashaka yote yaliyofuata.

Katika zamani hizo shahidi mkuu alikuwa pua. Kwa muda mrefu Wazungu wengi waliamini kuwa maradhi huletwa na hewa mbaya, na kwamba kitu kisichonuka hakidhuru. Imani hiyo ilikuwa imekwisha kuvunjwa kwa hoja: mwaka wa 1854 John Snow alionyesha kwamba kipindupindu katika mtaa wa Broad Street, London, kilifuata maji ya kisima kimoja, wala hakikufuata upepo, na kabla karne haijaisha Robert Koch alikuwa amemtambua mdudu mwenyewe. Lakini imani ikivunjwa vitabuni hukaa muda mrefu katika desturi. Watu wa San Francisco hawakulalamika juu ya vijidudu. Walilalamika juu ya harufu. Na kwa kuwa harufu ilikuwa ndiyo lawama, kuiondoa harufu kulihesabiwa kuwa ndiyo dawa.

Malalamiko hayo yalileta jambo jema kwa njia isiyotazamiwa. Mwaka wa 1914, huko Manchester, Edward Ardern na William Lockett walikuwa wametangaza njia mpya ya kusafisha maji machafu, ambayo kwa Kiswahili yaweza kuitwa njia ya tope hai. Maji hupulizwa hewa kwa nguvu, na vijidudu visivyodhuru vilivyomo hupata pumzi, vikazaliana na kuula uchafu. Kisha maji hutulizwa, tope likazama, na sehemu ya tope hilo hurudishwa mwanzo kuwa chachu ya maji mapya, kama vile mpishi wa mkate anavyobakiza donge la unga uliochachuka kwa ajili ya kesho. Mwaka wa 1932 mtambo wa namna hiyo, ulioitwa McQueen, ulijengwa ndani ya Golden Gate Park yenyewe. Maji yake yalitiwa dawa ya klorini, yakatumiwa kunywesha nyasi na kujaza maziwa ya mapambo.

Hapo pua ikanyamaza na jicho likashuhudia. Maji yaliyopita katika mtambo huo hayakunuka wala hayakuwa na rangi ya kuchukiza. Bata waliogelea ndani yake na watu wakasimama ukingoni kuwatazama. Lau historia ingalikoma hapo, ingalikuwa hadithi ya ushindi. Lakini jicho ni shahidi mwenye mpaka. Mdudu wa homa ya matumbo haonekani, wala yai la mchango halionekani, na virusi ni vidogo hata darubini ya kawaida haivifikii. Glasi ya maji maangavu yaweza kubeba vyote vitatu.

Serikali ya California ilikwisha kuuona mpaka huo kwa upande wa chakula. Mwaka wa 1918 Halmashauri ya Afya ya jimbo hilo ilitoa kanuni za kwanza juu ya kutumia maji machafu katika unyweshaji, na shabaha yake kubwa ilikuwa kuyazuia yasifike kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Ilikuwa sheria ya shamba, yenye kumfikiria mlaji. Mtoto aliyelala juu ya nyasi hakuwa amefikiriwa bado, kwa sababu nyasi haziliwi. Ilitakiwa nusu karne na zaidi ili ikumbukwe kwamba mtoto hula kwa mikono yake kila kitu anachokigusa.

Wakati huo huo somo la pili lilikuwa likifunzwa mahali pengine. Katika kijiji cha Grand Canyon, jimbo la Arizona, maji yaliletwa kwa gari la moshi ndani ya matangi, na kila galoni ilikuwa na nauli yake. Mwaka wa 1926 maji machafu ya kijiji hicho yalianza kusafishwa na kutumiwa tena kwa kupoza mitambo, kusukuma vyoo na kunywesha nyasi. Kwa kuwa maji ya kunywa na maji yaliyorudishwa yalikaa mahali pamoja, ilibidi kila moja liwe na mabomba yake. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ni nusu ya usalama wote. Maji yaweza kusafishwa kwa ustadi mkubwa, na fundi mmoja aliyechoka akaunganisha bomba lisilostahili, akayaingiza katika jiko la watu. Ndiyo sababu, miaka mingi baadaye, wilaya ya maji ya Irvine Ranch huko California ilichagua rangi ya zambarau kwa mabomba ya maji yaliyorudishwa, na desturi hiyo ikaenea Marekani. Kwa rangi hiyo hata mtu asiyeweza kusoma huonywa.

Shahidi wa tatu, yaani hesabu, aliitwa barazani katika mji mdogo wa Santee, karibu na San Diego. Mji huo ulikuwa ukikua upesi katika miaka ya 1950, na maji yake yote yalinunuliwa kutoka mbali. Ray Stoyer, aliyekuwa meneja wa wilaya ya maji, hakupendezwa kuona kitu kilichonunuliwa kwa fedha kikitumiwa mara moja na kutupwa. Maji machafu ya Santee yalisafishwa kwa tope hai, yakatulizwa katika bwawa, kisha yakamwagwa juu ya kitanda cha mchanga na changarawe katika bonde la Sycamore Canyon, yapenye polepole chini ya ardhi na kutokeza tena upande wa chini. Hapo yalijaza maziwa yaliyochimbwa mfululizo, moja likimiminikia jingine. Mwaka wa 1961 maziwa hayo yalifunguliwa kwa watu, waje kupumzika kandoni na kupiga makasia.

Jambo la kusifiwa katika Santee ni mwendo wake. Watu hawakuruhusiwa kuogelea siku ya kwanza. Walianza kwa kukaa ukingoni na kupanda mashua; uvuvi ukafuata; na kuogelea hakukuruhusiwa mpaka mwaka wa 1965, katika dimbwi lililotengwa ambalo maji yake yalichujwa na kutiwa klorini kwa mara nyingine. Katika kila daraja hatua ya mbele ilingoja ushahidi wa hatua ya nyuma. Wachunguzi wa afya, wakisaidiwa na Idara ya Afya ya Umma ya Marekani, waliyapima maji yale katika kila kituo cha safari yake. Katika maji mabichi walikuta virusi vya namna nyingi. Katika maji yaliyokwisha kupita tope hai, ambayo jicho lingaliyasifu, walivikuta tena. Lakini katika maji yaliyokwisha kupenya mchangani hawakuvipata. Habari hizi zilikuwa na makali pande zote mbili: zilithibitisha kwamba usalama wapatikana, na papo hapo zilionyesha kwamba daraja ambalo bustani nyingi zilikuwa zimesimama juu yake halikutosha.

Baada ya Santee haikuwezekana tena kusema kwamba maji ni salama kwa kuwa ni maangavu. Swali likawa ni uchujaji gani utoshao mahali pasipo na bonde la mchanga. Jibu lilitolewa mwaka wa 1977 na uchunguzi uliofanywa Pomona, karibu na Los Angeles. Humo virusi vya polio vya namna iliyodhoofishwa kwa chanjo vilitiwa ndani ya maji kwa makusudi, na njia mbalimbali za kusafisha zikashindanishwa kuona ipi itaviondoa. Ilionekana kwamba maji yaliyotiwa kiasi kidogo cha dawa ya kugandisha uchafu, mfano wa shabu ambayo mabibi wa pwani waliijua kwa kazi hiyo hiyo ya kutuliza maji ya mtungi, yakapitishwa katika chujio na kuachwa muda wa kutosha pamoja na klorini, hupoteza virusi karibu vyote. Chujio halikuwekwa kwa ajili ya kuua. Kazi yake ni kuondoa chembechembe ambazo virusi hujificha nyuma yake, ili klorini imkute adui akiwa hana ngome.

Mwaka uliofuata, 1978, California ilitangaza kanuni mpya, na ndani yake mtoto wa bustanini alipata nafasi yake kwa mara ya kwanza. Kanuni hizo zilitenga mahali pa kupita na mahali pa kuchezea. Kwa viwanja vya gofu, makaburi na kandokando za barabara kuu, vijidudu vya jamii ya koliformu, ambavyo huhesabiwa kuwa dalili ya uchafu wa matumbo, viliruhusiwa kufika wastani wa 23 katika mililita 100 za maji. Kwa bustani za watu wote, viwanja vya michezo na nyua za shule, wastani usizidi 2.2. Mcheza gofu hutembea amevaa viatu, hupiga mpira kwa fimbo, kisha huenda zake; mtoto hujiviringisha. Sheria ilitazama miili ya watu na jinsi inavyokaa juu ya ardhi, ikapima maji kwa kipimo hicho.

Hesabu hiyo ya 2.2 huwashangaza wengi, maana hakuna kijidudu kilicho sehemu ya kumi mbili. Maelezo yake ni mepesi. Mpimaji huchukua mirija mitano, kila mmoja akautia mililita 10 za maji pamoja na chakula cha vijidudu, akaiacha mahali pa joto. Kama mrija mmoja tu kati ya mitano utaonyesha uhai, jedwali la makadirio hutoa 2.2. Kwa hiyo amri ya sheria, ikisemwa kwa lugha ya nyumbani, ni kwamba katika mirija mitano, kwa kawaida, usichafuke zaidi ya mmoja. Palikuwa na amri nyingine juu ya matumizi yenyewe: maji yasifikie mabomba ya kunywea watu, yasituame madimbwi, na watu waelezwe kwa mabango. Bustani nyingi huchagua kunyunyizia usiku, nyasi zipate kukauka kabla wageni hawajaingia. Hivyo usalama haukuachiwa mtambo peke yake. Uligawanywa kwa mtambo, bomba, saa na tangazo, ili mmoja akilala wengine wawe macho.

Kwa kanuni hizo Golden Gate Park, iliyotangulia kuliko wengi, ndiyo iliyoanguka mtihani. Mtambo wa McQueen haukujengwa kwa ajili ya kipimo cha namna hiyo, nao ukafungwa baada ya utumishi wa miongo mingi. Bustani ikarudia maji ya visima. Wako wanaoliona jambo hilo kuwa ukatili wa sheria juu ya kazi kongwe iliyokuwa ikiendelea kwa amani. Hoja yao si ya kudharauliwa, kwa sababu desturi ndefu ni ushahidi wa namna yake. Lakini ni ushahidi dhaifu. Mtoto aliyeharisha kwa siku mbili baada ya kucheza bustanini hakuandikwa katika daftari la bustani. Mama yake alilaumu maziwa au matunda. Ukimya wa miaka mingi waweza kuwa dalili ya usalama, nao waweza kuwa dalili kwamba hapana aliyeuliza. Sheria ya 1978 ilikataa kuuchukua ukimya kuwa jibu.

Mji wa St. Petersburg, jimbo la Florida, ulifika mahali hapo kwa njia nyingine. Huko haikuwa kiu peke yake iliyosukuma. Mwaka wa 1972 bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyotaka maji machafu yasafishwe kwa daraja la juu kabisa kabla ya kumwagwa katika ghuba ya Tampa, iliyokuwa imeharibika. Mji ukapiga hesabu ukaona kwamba ni afadhali kutoyamwaga. Tangu mwaka wa 1977 maji yaliyosafishwa yalisambazwa kwa mabomba yake mbali kwenda viwanja vya gofu, bustani na nyua za shule, na baadaye hata majumbani kwa kunyweshea nyasi. Naitrojeni na fosforasi, zilizokuwa sumu ya ghuba kwa kulisha magugu ya maji, zilikuwa mbolea zilipofika ardhini.

St. Petersburg ilifundisha pia kwamba maji yaliyo salama kwa mtoto yaweza kuwa mabaya kwa ua. Mabomba yake ya majitaka yaliyo karibu na ufuko yalivuja, maji ya chumvi yakaingia, na chumvi hiyo haiondolewi na tope hai wala klorini. Baadhi ya mimea ya mapambo ilidhoofika, na mji ukalazimika kuchunguza ni mimea ipi huvumilia na ipi haivumilii. Somo hilo lina uzito kwa miji yote ya pwani.

Habari za Marekani zingeweza kudhaniwa kuwa ni za matajiri peke yao. Mwaka wa 1985 wataalamu walikutana Engelberg, Uswisi, wakajadili jambo ambalo miji maskini ililijua kwa uchungu: sheria kali kupita kiasi mahali pasipo na uwezo haileti maji safi, huleta maji machafu yanayotumiwa kwa siri. Katika kingo za mito ya Nairobi wakulima wamekuwa wakinywesha mboga kwa maji machafu yasiyosafishwa kabisa, na hapana kanuni ya California iliyowasaidia. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mwongozo wake wa mwaka wa 1989, lilitazama kwanza adui wa nchi za joto, yaani mayai ya michango, ambayo huishi muda mrefu udongoni na hayaogopi klorini. Liliagiza kwamba maji ya kunyweshea mboga zinazoliwa mbichi, viwanja vya michezo na bustani za watu wote yasiwe na zaidi ya yai moja katika lita, wala vijidudu vya kinyesi zaidi ya 1,000 katika mililita 100. Na kwa nyasi ambazo watu huzigusa kwa miili yao, kama zile za mahoteli, 200. Silaha iliyopendekezwa haikuwa ya gharama kubwa: ni mabwawa yaliyopangwa mfululizo, ambamo maji hutulia. Mayai ni mazito kuliko maji, na yakipewa siku 8 hadi 10 za utulivu huzama yenyewe.

Ni wazi kwamba kati ya 2.2 na 1,000 pana mwanya mkubwa, na wataalamu wameubishania kwa miaka. Lakini ubishi wenyewe ni maendeleo. Pande zote mbili zinakubali kwamba jambo lihesabiwe, na zinatofautiana juu ya kiasi tu. Anayepima 1,000 kwa uaminifu yuko karibu zaidi na mwenzake wa 2.2 kuliko alivyo karibu na mtu asiyepima kitu.

Kwa wasomaji wa Kiswahili upo upande mwingine wa habari hii usioweza kuachwa, nao ni tahara. Kila aliyepita chuoni katika miji ya pwani amefunzwa kwamba maji hutazamwa kwa sifa tatu, rangi, ladha na harufu, na kwamba najisi ikiyageuza sifa mojawapo hutoka katika hukumu ya maji safi. Je, maji yaliyokwisha kugeuzwa yaweza kurejea? Mwaka huo huo wa 1978, ambao California ilitoa kanuni zake, Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia lilitoa fatwa kwamba maji machafu yakisafishwa kwa ukamilifu, yakarejea katika rangi, ladha na harufu ya asili, huwa tahiri. Na kuhusu kuyanywa, baraza likatahadharisha kwa sababu ya afya. Wanazuoni na wahandisi walikutana katika jambo moja: unajisi ni hali, na hali yaweza kuondolewa, mradi kuondolewa kwake kuthibitishwe. Katika Ghuba jambo hilo limeonekana kwa macho. Mtu atokaye Unguja au Mombasa kwenda kuzuru jamaa zake Muscat hupita barabara zilizopandwa maua na nyasi katika nchi yenye mvua haba, na nyingi ya bustani hizo hunyweshwa maji yaliyosafishwa.

San Francisco nayo haikusahau. Katika miaka ya 2020 mtambo mpya ulikamilishwa upande wa bahari ili kurudisha maji yaliyosafishwa katika Golden Gate Park. Safari hii maji huchujwa, kisha husukumwa kwa nguvu kupita katika utando mwembamba ambao huzuia hata chumvi, na mwisho humulikwa kwa miale isiyoonekana kwa jicho, ambayo huviua vijidudu visivyoonekana kwa jicho. Nyasi zile zile zilizoanza kwa maji yenye kunuka zimefika hapo baada ya karne nzima ya kutolewa makosa.

Karne hiyo haikupotea bure. Ukiondolewa ufundi, somo lililobaki ni la maadili zaidi kuliko la mitambo. McLaren hakuwa mtu mbaya; alipenda miti na alitaka watu wapate kivuli. Kosa la zama zake lilikuwa kuitegemea pua katika jambo lililo juu ya uwezo wa pua. Kosa la zama zilizofuata lilikuwa kuliamini jicho. Hata zama za hesabu zina kosa lao linalonyemelea, nalo ni kuidhani hesabu kuwa inajihesabu yenyewe. Mrija wa mpimaji hauwi shahidi mpaka pawepo mpimaji mwaminifu, na mshahara wa kumlipa, na daftari ambalo mtu yeyote anaweza kulifunua, na mkubwa wa kazi aliye tayari kufunga bomba siku ambayo mirija miwili imechafuka. Mji ukikosa hayo, kuzungusha ua ni afadhali kuliko kununua chujio.

Wahenga, basi, hawakukosea. Maji yaliyomwagika hayazoleki kwa mkono wa pupa. Huzolewa kwa subira, tone kwa tone, na kwa kushuhudiwa. Mtoto anayejiviringisha juu ya nyasi hajui neno lolote la habari hii, wala haimpasi kujua. Aliyefungua bomba usiku ndiye aliyepaswa kujua kwa niaba yake.